Mifumo Isomane, Lakini Isomane Vipi?

Neno "kusomana" limeingia kwa kasi katika Kiswahili cha ofisini. Rais Samia Suluhu Hassan amerudia mara kadhaa agizo kwamba mifumo ya TEHAMA ya Serikali isomane, na sasa hakuna kikao cha bajeti, kuanzia wizarani hadi chama cha msingi cha ushirika, kinachokosa mtu wa kuuliza: mfumo wetu unasomana na ule? Swali ni la haki. Ugumu ni kwamba wanaouliza hawamaanishi kitu kimoja. Mkurugenzi hudhani kusomana ni kuwa na mfumo mmoja mkubwa unaofanya kila kitu. Mhasibu anataka tu alichokiingiza asubuhi kwenye mfumo wa malipo asikiingize tena jioni kwenye daftari la mapato. Mzabuni huahidi kwamba programu yake inaunganika na chochote. Mkulima aliyekaa kwenye benchi nje husikia jibu lilelile kila mara: mfumo hausomi, rudi kesho.

Katikati yao yuko mkuu wa kitengo cha TEHAMA. Huyu ndiye atakayetakiwa kuchagua lugha ya programu, kuandika vigezo vya zabuni, kusema seva ikae wapi, na kujibu pale mambo yatakapokwama. Uchambuzi huu unamlenga yeye, pamoja na wale wanaosaini hundi za kazi yake. Hoja yake ni kwamba uchaguzi wa lugha na zana, unaokula muda mwingi wa mabishano, ni uchaguzi mdogo. Mkubwa ni kujua taarifa inaanzia wapi, mwenyewe ni nani, na inapita mikononi mwa nani kabla ya kumfikia anayeihitaji. Mahali pazuri pa kuliona hilo kwa macho ni Chekereni, kwenye tambarare ya mpunga chini ya mji wa Moshi.

Mchoro uliokuwa sahihi ndani ya mipaka yake

Chekereni ni miongoni mwa vijiji vya skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, pamoja na Mabogini, Rau ya Kati na Oria. Skimu hiyo ilijengwa kwa fedha za Japani na kukamilika mwaka 1987. Mpango ulikuwa wa hekta zipatazo 2,300, kati yake hekta 1,100 zikiwa za mpunga. Maji ya mito ya Rau na Njoro huingia kwenye banio, yakashika mfereji mkuu, yakagawanywa kwa milango hadi mifereji midogo ya shambani. Hapohapo Chekereni ndipo kilipo chuo cha mafunzo ya kilimo cha KATC, kilichoanzishwa mwaka 1994 na kufundisha kilimo cha mpunga wakulima wa sehemu nyingi za nchi.

Zege lilikuwa imara na mavuno yalipanda. Kisha mafanikio yenyewe yakaleta shida. Wakulima walio juu ya mabanio walipoona mpunga unalipa, nao walifungua majaruba na kuchepusha maji kabla hayajaufikia mfereji wa mradi. Maji yakapungua chini, na sehemu ya mashamba yaliyochorwa kuwa ya mpunga ikakosa maji ya kutosha. Wahandisi hawakukosea hesabu za mfereji. Mchoro wao uliishia kwenye banio, na kilichouathiri mradi kilikuwa juu yake, kwa watu ambao mradi haukuwa na makubaliano nao.

Ukipanda Mlima Kilimanjaro utakuta upande wa pili wa jambo hilo. Mifongo ya Wachagga, mifereji ya udongo iliyochimbwa kwa mkono vizazi vingi kabla ya zege la Lower Moshi, haina milango ya chuma. Ina zamu, ina siku za kusafisha, ina wazee wa mfongo wanaojulikana, na ina adhabu kwa anayefungulia maji usiku. Ujenzi wake ni hafifu na hupoteza maji mengi njiani, ila makubaliano yake ni mazito. Mtu wa TEHAMA anayetafuta maana ya usanifu wa mifumo ya taasisi anaweza kuanzia hapo: ni zege na zamu kwa pamoja, na ukikosa kimoja hicho kingine hakikusaidii kwa muda mrefu.

Mwaka uleule wa 1987, John Zachman alichapisha katika jarida la IBM Systems Journal makala iliyokuja kuhesabiwa kuwa msingi wa fani hii. Alishauri kwamba kabla ya kununua mitambo, taasisi ichorwe kama jengo linavyochorwa, kwa macho ya mwenye nyumba, ya msanifu na ya fundi. Mpangilio wake ulipanuliwa baadaye kuwa na maswali sita: nini, vipi, wapi, nani, lini, kwa nini. Mwaka 1995 ukaja TOGAF, mwongozo mrefu zaidi ambao wakuu wengi wa TEHAMA hufanyia mitihani. Miongozo hii inafaa, lakini ina uzito wake. Iliandikwa ikiyafikiria mashirika yenye maelfu ya wafanyakazi na idara nzima ya wachora ramani. Chama chenye karani, mhasibu na kijana mmoja wa kompyuta kikijaribu kuifuata ukurasa kwa ukurasa kitamaliza mwaka kikijaza majedwali. Chama hicho kichukue maswali sita ya Zachman, na mengine kiyaache rafuni.

Kinachotokea kitufe kinapobonyezwa

Sehemu ya mkanganyiko kuhusu kusomana hutokana na kuchanganya tovuti na mfumo wa wavuti. Tovuti hutangaza: saa za kazi, picha za mkutano mkuu, namba za simu. Mfumo wa wavuti hufanya kazi: husajili, hukokotoa, hupokea malipo, hutunza kumbukumbu. Kwa macho ya mtumiaji vyote viwili vinafunguka kwenye kivinjari, na ndiyo maana bei ya kimoja hudhaniwa kuwa bei ya kingine.

Mfumo wa wavuti una tabaka tatu. Mbele kuna kile mtu anachokiona kwenye kivinjari au simu. Nyuma kuna programu inayokaa kwenye seva, yenye kanuni za kazi: mwanachama asiyelipa hisa hapewi mkopo wa pembejeo, na mzani wa ghala haukubali uzito hasi. Chini kabisa kuna kanzidata, pale taarifa zinapolala. Karani wa ghala anapobonyeza "hifadhi", ombi hutoka mbele, hupimwa nyuma, huandikwa chini, na jibu hurudi njia ileile. Kosa likiwa mbele, mtumiaji hukasirika. Likiwa nyuma, fedha hupotea. Likiwa chini, historia hupotea.

Kwa kila tabaka kuna zana nyingi. PHP, Java na JavaScript zote zilitolewa kwa umma mwaka 1995. Baadaye vikaja viunzi, yaani programu zilizojengwa nusu ili fundi asianze na msingi kila mara: Django ya Python mwaka 2005, Laravel ya PHP mwaka 2011, React mwaka 2013. Mabishano ya ipi bora hayana mwisho na kwa kiasi kikubwa hayana faida. Zana hizi zote zinaweza kuendesha mfumo wa hospitali, wa mamlaka ya maji au wa chama cha ushirika bila kutetereka, kama anayezitumia anazijua.

Lenye faida ni kuuliza zana hiyo itakufa lini na nani ataizika. Flash, iliyopamba mifumo mingi ya mafunzo, ilifungwa mwishoni mwa Desemba 2020. Python 2 ilikoma kupata marekebisho tarehe 1 Januari 2020. AngularJS, iliyokuwa gumzo la vijana wa programu miaka michache tu kabla, iliachwa na Google mwishoni mwa 2021. Waliojenga juu yake walilazimika kuandika upya au kubaki na nyumba isiyo na fundi. Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha zana ni watu: fundi aliyeijenga akipata kazi Dar es Salaam, nani mwingine Moshi au Arusha anaweza kuufungua msimbo huo na kuuelewa ndani ya wiki? Kwa kipimo hicho Python, na hata PHP ambayo wajuzi wa mitindo huiona ya kizamani, mara nyingi huishinda zana mpya iliyosifiwa kwenye warsha. Java hushinda pale taasisi inapokuwa na timu ya kudumu na mzigo mkubwa wa miamala.

Kwa nini hazikusomana tangu mwanzo

Mwaka 1968 Melvin Conway, mtaalamu wa programu wa Marekani, aliandika kwamba taasisi hubuni mifumo inayofanana na namna watu wake wanavyowasiliana. Idara zisizozungumza huzaa mifumo isiyozungumza. Miaka mingi baadaye hakuna aliyelieleza tatizo letu vizuri zaidi.

Tazama fedha zinavyoingia. Mfadhili wa mradi wa chanjo analeta mfumo wa chanjo. Mfadhili wa kifua kikuu analeta wa kwake, na kila mmoja ana ripoti yake, mshauri wake na tarehe yake ya kufunga mradi. Idara ya manunuzi inatangaza zabuni ya mfumo wa stoo bila kuiuliza idara ya fedha. Bajeti ya maendeleo hununua mfumo, ila bajeti ya matumizi ya kawaida haina kifungu cha kuutunza. Mkandarasi anakabidhi, picha zinapigwa, na baada ya miaka miwili mfumo uko hai kwa sababu tu kijana mmoja bado anakumbuka nywila ya seva.

Hakuna uovu katika hayo. Kila mmoja alitatua tatizo lililokuwa mbele yake, kwa fedha zilizokuwepo. Ila matokeo yake ni kwamba muuguzi anaandika mgonjwa yuleyule mara tatu, na hilo ni jasho la mtu aliyechoka, likichukuliwa bila malipo kwa miaka mingi. Inafaa lituume.

Njia tatu, na gharama ya kila moja

Njia ya kwanza ni mfumo mmoja. Kanzidata moja, mlango mmoja wa kuingilia, ripoti zote mahali pamoja. Faida yake ni kubwa kuliko wengi wanavyoikiri: taarifa ikirekebishwa mara moja imerekebishwa kote, na mkaguzi anafuata shilingi kutoka stakabadhi hadi mizania bila kubadilisha dirisha. Hasara ni kwamba kila mabadiliko hugusa kila kitu, na mahali pamoja pakikwama wote wamekwama. Mei 2021, mfumo wa LUKU ulipopata hitilafu, wateja wa umeme nchi nzima walishindwa kununua umeme kwa siku kadhaa. Ukubwa ukizidi, mfumo mmoja pia huzaa mzabuni mmoja, na mzabuni mmoja hupanga bei anavyotaka.

Njia ya pili ni kuugawa mfumo katika vijifumo vingi, kila kimoja kikiwa na kazi moja na kanzidata yake, vikizungumza kwa njia ya mtandao. Ndiyo njia iliyopata jina kupitia Netflix na Amazon, na ndiyo inayonadiwa sana kwa wakuu wa TEHAMA kama alama ya usasa. Kila timu hubadilisha sehemu yake bila kuisubiri nyingine, na kijifumo kimoja kikianguka vingine huweza kuendelea. Lakini gharama ya njia hii hulipwa kila siku. Kila kijifumo kinataka kuangaliwa, kulindwa, kusasishwa na kufuatiliwa makosa yake kwenye kumbukumbu zilizotawanyika. Mwaka 2023 wahandisi wa Prime Video, ndani ya Amazon yenyewe, walieleza kwamba walirudisha sehemu moja ya kazi yao kutoka vijifumo vilivyotawanyika hadi programu moja, na gharama za mitambo za sehemu hiyo zikashuka kwa asilimia 90. Ikiwa wao waliona busara ya kurudi nyuma, kitengo cha watu watatu kinachohudumia hospitali ya wilaya hakina sababu ya kuanzia huko. Conway anatusaidia tena hapa: vijifumo ishirini vinataka timu nyingi. Asiye nazo atakuwa na vijifumo ishirini visivyo na mwenyewe.

Njia ya tatu ni daraja. Kila taasisi inabaki na mfumo wake, na makubaliano yanawekwa kuhusu ujumbe unaovuka. Mfano tulionao ni mzuri kuliko mingi ya ng'ambo. Mfumo wa malipo ya Serikali, GePG, ulioanza kuenea mwaka 2017, haukuzitaka taasisi zitupe mifumo yao. Ulizitaka zitume ankara kwa umbo moja na kupokea namba ya malipo, ile ambayo kila mtu huiita kontroli namba. Mwananchi hulipa benki au kwa simu, na taarifa hurudi kwa taasisi iliyodai. Mkulima hahitaji kujua mfumo wa nyuma umeandikwa kwa lugha gani. Juu ya wazo hilohilo Mamlaka ya Serikali Mtandao, e-GA, yenye nguvu za Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, imejenga GovESB ili taasisi za umma zibadilishane taarifa kupitia njia moja badala ya kila mbili kuchimba mtaro wao.

Hesabu yake inashawishi. Mifumo kumi ikiunganishwa kila mmoja na kila mwingine inahitaji viunganishi 45. Ikipita kwenye daraja moja inahitaji kumi. Udhaifu wa daraja ni kwamba nalo huwa banio: likiziba, mito yote inasimama. Tena daraja hubeba kile linachopewa, na hapa ndipo penye kiini cha suala zima.

Nani mkulima?

Tuchukue ofisi tatu ambazo zinaweza kuwepo kwenye skimu yoyote ya mpunga: chama cha ushirika, ofisi ya wagawa maji na duka la pembejeo. Kila moja ina orodha ya wakulima. Chama kinamwita mkulima yule aliyenunua hisa. Ofisi ya maji inamwita mkulima yule mwenye jaruba kwenye ramani. Duka linamwita mkulima yule aliyechukua mbolea kwa mkopo. Sasa fikiria shamba la mama aliyezeeka, limekodishwa kwa kijana kwa msimu mmoja, na mbolea ikachukuliwa na shemeji kwa jina lake mwenyewe. Watu watatu, jaruba moja, na mifumo mitatu ambayo kila mmoja una haki.

Unganisha mifumo hiyo kwa ufundi wa hali ya juu na itasomana vizuri kabisa. Itapelekeana majina. Kisha siku ya malipo ya mpunga, mkopo wa shemeji utakatwa kwenye mavuno ya kijana kwa sababu vyote vimefungwa kwenye jaruba la mama. Hakuna kompyuta iliyokosea. Neno "mkulima" lilikuwa na maana tatu na hakuna aliyekaa chini kuzitenganisha. Kazi hiyo haitaki seva. Inataka kikao kirefu, katibu mwenye subira, na uamuzi ulioandikwa: mmiliki, mlimaji na mdaiwa ni nafasi tatu tofauti, mtu mmoja anaweza kushika zote, na nafasi ya mlimaji hubadilika kila msimu.

Baada ya hapo ndipo namba ya utambulisho inapokuwa na maana. Namba ya NIDA yenye tarakimu 20 husaidia kujua kwamba jina lililoandikwa kwa herufi tofauti kwenye orodha mbili ni la mtu yuleyule. Haisaidii kujua mtu huyo anahusikaje na jaruba. Taasisi nyingi huruka moja kwa moja hadi kwenye namba, zikidhani tatizo la utambulisho na tatizo la maana ni kitu kimoja.

Kujenga, kununua, au kuchukua cha huria

Mfumo ulionunuliwa tayari huleta uzoefu wa wengine na kuanza haraka, ila taasisi hulazimika kubadili taratibu zake zifuate programu, na ada ya leseni huendelea hata mwaka wa mavuno mabaya. Mfumo uliojengwa nyumbani hukaa mwilini kama nguo iliyopimwa na fundi, lakini maisha yake yamefungwa kwa aliyeushona. Programu huria iko katikati: haina ada ya leseni, msimbo uko wazi, na jumuiya ya watumiaji ni pana. DHIS2, iliyokuzwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo na inayotumika kukusanya takwimu za afya Tanzania na nchi nyingine nyingi, imedumu kwa sababu nchi zinazoitumia zilijenga watu wa kuitunza. Aliyeichukua programu huria akidhani "huria" ni "bila gharama" atashangazwa na mshahara wa fundi.

Jambo moja halina mjadala, njia yoyote ikichaguliwa: mkataba utaje nani anamiliki msimbo na taarifa, na utaje kwamba taasisi inaweza kuzitoa taarifa zake zote kwa umbo linalosomeka siku yoyote bila kuomba ruhusa. Na mfumo uruhusu kupingwa. Uingereza ilijifunza hili kwa uchungu mkubwa. Mfumo wa Horizon wa Posta, uliotengenezwa na Fujitsu na kuanza kutumika mwaka 1999, ulionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwepo. Mamia ya wakuu wa vituo vya posta walishtakiwa, wengine wakafungwa, kwa kuwa mahakama ziliamini kompyuta. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilikubali kwamba mfumo ulikuwa na kasoro, na ilibidi Bunge litunge sheria mwaka 2024 kufuta hatia hizo. Mkulima anayeambiwa na skrini kwamba anadaiwa mifuko sita ya mbolea anastahili kuona nani aliandika hivyo, lini, na kwa stakabadhi ipi.

Seva ikae wapi

Seva ya chumba cha nyuma hutoa hisia ya umiliki, hadi umeme ukatike, vumbi la kiangazi liingie, au panya afike kwenye nyaya. Huduma za wingu hazina vumbi, lakini barabara yake ni ndefu. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na mtandao ukayumba Tanzania na nchi jirani. Ofisi zilizotegemea seva za ng'ambo zilikwama zaidi ya zile ambazo mifumo yake ilikaa ndani ya nchi. Safaricom ilikuwa imelitambua hilo mapema: mwaka 2015 ilihamisha mitambo ya M-Pesa kutoka Ujerumani hadi Kenya. Hata hivyo ukaribu peke yake si kinga. Julai 2023 huduma za eCitizen za Kenya zilishambuliwa kwa mafuriko ya maombi ya uongo, na wananchi wakakosa huduma kwa siku kadhaa.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka masharti kwa anayekusanya taarifa za watu na kwa anayezisafirisha nje ya nchi. Chama kinachotunza namba za NIDA, namba za simu na madeni ya wanachama hakiwezi kudai kwamba hayo ni mambo ya mabenki tu. Kwa taasisi ndogo, kituo cha data cha ndani ya nchi, na nakala ya kila usiku inayowekwa mahali pengine, ndicho chaguo lenye uwiano mzuri.

Mwisho wa mfereji

Shamba la mwisho wa mfereji ndilo hupima skimu. Kwenye mfumo wa wavuti, shamba hilo ni simu ya kitochi ya mwanachama na kompyuta kuukuu ya karani ghalani wakati wa mavuno, foleni ikiwa ndefu na mtandao ukisuasua. Ukurasa mzito wenye picha na michoro inayocheza utapita vizuri kwenye onyesho la mzabuni hotelini na utakufa ghalani. Mwanachama anahitaji ujumbe mfupi wenye uzito aliopimiwa na salio lake. Karani anahitaji programu inayopokea vipimo vya mizani hata mtandao ukikatika, ikahifadhi hapohapo, na kutuma baadaye bila kurudufu. Huu ni ufundi mgumu kidogo, kwa kuwa lazima uamue nini kitatokea ikiwa makarani wawili wameandika juu ya mwanachama mmoja wakiwa nje ya mtandao. Ndio ufundi wa kulipia, kuliko rangi za skrini.

Mizani

Kwa taasisi nyingi za ukubwa wa kati Kilimanjaro na kwingineko, yaani vyama vya ushirika, Saccos, hospitali za mashirika ya dini, mamlaka ndogo za maji, mizani inaangukia hapa: ndani, mfumo mmoja uliogawanywa vyumba vizuri; nje, milango michache iliyoandikwa maelezo yake, inayozungumza na madaraja yaliyopo. Chama cha ushirika kina mfumo wa MUVU wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika upande mmoja, benki na kampuni za simu upande mwingine. Hao ndio walio juu ya banio. Wakibadilisha umbo la ujumbe wao bila taarifa, mfumo wa chama utakauka hata kama umejengwa kwa zege. Makubaliano nao, pamoja na jina la mtu wa kupigiwa simu, yana thamani kuliko kiunzi chochote cha programu.

Vijifumo vingi vibaki kwa wenye timu nyingi. Na fungu la matunzo liingie kwenye bajeti ya kawaida kila mwaka, hata likiwa dogo, kabla ya senti ya kwanza kwenda kwa mkandarasi. Kama fungu hilo haliwezi kupatikana, ni heri daftari lililotunzwa vizuri. Muungano wa vyama vya ushirika wa Kilimanjaro, KNCU, ulianzishwa mwaka 1933 na kwa miongo mingi ulihesabu kahawa ya wanachama wake kwa kalamu na karatasi, na karatasi hizo mkaguzi aliweza kuzisoma.

Wiki ya kwanza ya kazi, basi, haina kompyuta. Mkuu wa TEHAMA akae na karani wa ghala, mgawa maji, mhasibu na muuza pembejeo, na karatasi moja kubwa mezani. Kwa kila taarifa, yaani jina, jaruba, uzito, deni, malipo, waandike nani huiandika kwanza, nani ana ruhusa ya kuibadilisha, na nani huisoma tu. Penye majina mawili kwenye nafasi ya mwandishi wa kwanza, wazungushie duara jekundu. Zabuni isitangazwe hadi duara la mwisho lifutwe.